Tuta la Nabiswa

Njia ya mashindano ya baiskeli ilikuwa haijatangazwa, lakini pale kwa Lusweti, fundi wa baiskeli wa Dandora, mashariki mwa Nairobi, ilikuwa imepangwa, ikafutwa na kupangwa upya kila siku. Kila aliyekuja kuziba pancha aliacha njia yake imechorwa hapo chini kwenye vumbi. Mashindano yalikuwa ya wanawake, waendeshaji wa kulipwa kutoka nchi nyingi, nayo yangechukua karibu juma zima, kila siku kipande chake cha nchi. Kipande cha mwisho kingeishia Nairobi. Waandaaji walikuwa wamesema hayo tu, kisha wakafunga midomo.

"Wafunge tu," alisema Mwangangi. "Barabara hazina siri."

Mwangangi alikuwa dereva wa malori mpaka macho yakamkataa. Kenya hii hapakuwa na barabara ambayo hakuwahi kulala kando yake akisubiri spea. Sasa kila asubuhi aliketi juu ya tairi kuukuu pale kwa Lusweti, akaokota spoki iliyopinda na kuchora.

"Hapa ni Machakos. Wanaanza hapa. Wanapanda milima ya Mua, kwa sababu mashindano bila mlima ni matembezi ya harusi. Wanashuka, wanashika barabara ya Kangundo. Kamulu. Ruai. Njiru. Hapo wanakata kulia, wanaingia Dandora, wanapita hapa, mbele ya pua yako, Mluhya, wanatokea Outering na kumalizia Kasarani."

"Na kwa mamako hawasimami kidogo wakapakuliwa muthokoi?" aliuliza Kavinya.

Kavinya alikuwa akiuza chai na mandazi katika kibanda kilichoegemea cha Lusweti. Alikuwa Mkamba kama Mwangangi, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kumtukana.

"Kila njia kichwani mwako lazima ipitie Machakos," aliendelea. "Siku ukifa, malaika watakuzungusha huko kwanza ndio uone mbingu."

"Cheka. Utachoma mandazi ukiwaona wazungu wakipita."

Wengine walisema njia itatoka Naivasha na kupanda ile miinuko ya Bonde la Ufa hadi Limuru, maana huko kuna mandhari ya kupigia picha. Mwangangi aliwauliza kama wamewahi kuona foleni ya Waiyaki Way. Nani angefunga barabara ile kwa ajili ya baiskeli?

Lusweti hakuwa mtu wa maneno. Siku nyingine angecheka, akageuza gurudumu na kuendelea na kazi. Lakini siku hizo alisikiliza kama mgonjwa anavyomsikiliza daktari, kwa sababu binti yake Nekesa alikuwa mmoja wa hao waendeshaji.

Nekesa alijifunzia baiskeli pale pale kibandani, juu ya baiskeli za wateja, akipitisha mguu chini ya mtaimbo wa fremu kwa kuwa kiti hakikufikika. Akawashinda wavulana wa mtaa, akawashinda wa Kayole, mwisho akachukuliwa na timu moja ya ng'ambo. Tangu aondoke hakuwa amerudi. Alikuwa amempigia mama yake simu, akamweleza wazi: timu hulala pamoja, hula pamoja, na wakimaliza mbio wanapelekwa moja kwa moja uwanja wa ndege. Hakuna ruhusa ya kwenda nyumbani, hata ya saa moja. "Labda mnione nikipita, Mama," alisema.

Na Selpher, mama yake, hakuwa wa kwenda popote. Sukari ilikuwa imemla miguu. Kutoka kitandani hadi langoni ilikuwa safari, na langoni ndipo dunia yake ilipoishia. Ndiyo maana Lusweti alilitaka jambo moja tu: mashindano yapite pale langoni, Selpher aketi kwenye kiti chake, amwone mtoto wake kwa macho yake. Hakumwambia Mungu kitu kingine mwezi ule mzima.

Kisha ikaja pikapu nyeupe.

Ilikuja polepole, wakashuka wanaume wawili wenye fulana za kung'aa. Wakapima barabara kwa gurudumu la kupimia, wakaweka alama za rangi pembeni. Walipofika kwenye tuta la kupunguza mwendo wa magari lililokuwa hatua chache kutoka langoni kwa Lusweti, walisimama. Mmoja alilipiga teke kwa ncha ya kiatu, akatikisa kichwa, akamwambia mwenzake kitu. Kisha wakaondoka.

"Umeona?" Mwangangi alisimama kutoka kwenye tairi lake, jambo ambalo hakulifanya hovyo. "Si niliwaambia? Wanapima njia!"

"Umewauliza?" alisema Kavinya.

"Niulize nini? Mtu akija kwako na posa unamuuliza kama ni mwizi wa kuku? Barabara ni nzuri, pana, lami mpya. Kitu kimoja tu kimewakera." Akalielekezea lile tuta spoki yake. "Hicho."

Watu wakatazama chini. Kila mtu pale alijua lile tuta ni la nani.

Nabiswa alikuwa kitinda mimba wa Lusweti. Alikuwa darasa la pili alipogongwa na lori la taka lililokuwa likikimbilia jaa, mchana, akirudi kutoka shuleni na soksi zake mkononi kwa sababu zilikuwa zimelowa. Walimzika kwao Bungoma. Kwa miezi wakazi waliomba tuta, wakaahidiwa, wakaahidiwa tena. Mwisho Jumapili moja baada ya kanisa walilijenga wenyewe. Lusweti alichanganya simiti kwa mikono yake, na Selpher, ambaye wakati huo alikuwa bado na miguu yenye nguvu, alibeba maji. Usiku ule wanaume walilala barabarani wakilinda simiti isivurugwe na magari kabla haijakauka.

Tangu siku hiyo, kituo cha matatu kilichokuwa pale kikapata jina. Makanga walipokaribia walipiga bati na kuuliza, "Nabiswa kuna mtu?" Watoto ambao walikuwa hawajazaliwa wakati ule walisema wanaishi Nabiswa. Na malori ya taka, yakifika pale, yalipunguza mwendo kama mbwa aliyepigwa.

"Tuta moja haliwezi kufukuza mashindano ya dunia," alisema Lusweti.

"Wewe ni fundi," Mwangangi alimjibu. "Hebu nielezee wewe. Tairi zao zikoje?"

Lusweti alijua. Nekesa alikuwa amewahi kumtumia picha. Tairi nyembamba kama kidole, ngumu kama jiwe, na mtu amelala juu ya usukani kwa mwendo wa gari. Mtu kama huyo akilikuta tuta lile ghafla, katikati ya kundi, asilione mpaka lipo chini yake, angeruka na kutua kwa shingo.

Jioni hiyo Lusweti alifunga kibanda mapema. Wazo lilikuwa limemwingia na halikutaka kutoka. Kwanza alikuwa ameogopa kwamba njia haitapita kwa sababu ya tuta. Sasa aliogopa kwamba itapita, na tuta liko pale pale, na Nekesa atakuja mbio kwa furaha ya kuona nyumbani, aanguke juu ya tuta la mdogo wake mbele ya macho ya mama yao.

Alimwambia Selpher kwamba tuta lazima livunjwe. Selpher alikuwa amenyoosha miguu juu ya stuli, akichambua mboga.

"Hapana," alisema.

"Sijamaliza."

"Mimi nimemaliza. Nenda wewe ukamtazame huko watakakopita. Mimi nitamwona kwa simu."

"Miaka yote unamwona kwa simu."

"Nimeshazoea. Baba Nekesa, kaburi la mtoto wangu liko Bungoma, na siwezi kufika Bungoma tena, unajua. Nikilala hapa mchana nasikia makanga wakiita jina lake. Mara Nabiswa kuna mtu, mara Nabiswa shukeni. Usiuze mtoto mmoja ili umnunue mwingine."

Lusweti alikuwa mtu wa kusema ovyo anapobanwa. "Nabiswa hayupo pale," alisema. "Pale kuna simiti tu."

Selpher aliendelea kuchambua mboga. Hakulia. Afadhali angelia.

Jumamosi Lusweti aliazima sururu. Alidhani atakuwa peke yake, lakini habari zilikuwa zimetembea. Walikuja vijana wa nduthi, zile pikipiki za abiria, wakiwa na tindo na nyundo, wakaja madereva wa matatu ambao tuta lile lilikuwa limewavunjia springi kwa miaka, wakaja hata wazee wa kanisa. Nzivo, mwenyekiti wa wakazi, alitoa hotuba kuhusu maendeleo. Kavinya alileta birika zima la chai na kuwagawia bure, akisema wazungu wakipita atafidia kwa mandazi. Ilikuwa kama sherehe. Mtu aliweka redio.

Lusweti alipiga pigo la kwanza. Simiti ilikataa. Alikuwa ameichanganya vizuri mno. Alipiga tena na tena mpaka jasho likamwingia machoni, na ufa ulipotokea, vijana wakamsogeza kando wakasema, "Pumzika mzee, tuachie." Wakalimaliza kabla ya saa ya chakula cha mchana. Wakafagia kokoto, wakajaza shimo kwa changarawe na lami ya kuazima, wakashindilia kwa miguu wakicheza muziki.

Lori la kwanza la taka lilipokuja, dereva alikanyaga breki kwa mazoea. Akaona barabara ni tambarare. Akatoa kichwa dirishani, akacheka, akakanyaga mafuta. Watu walipiga makofi. Lusweti aligeuka kumtafuta Selpher langoni. Lango lilikuwa limefungwa.

Kwa siku kadhaa mtaa mzima ulitembea kwa madaha. Walisema lango la kila mtu lipakwe rangi. Walibishana nani atasimama wapi. Mwangangi aliapa kwamba kama angekuwa dereva wa gari la waandaaji angetoa heshima kwa kupiga honi pale kwa Kavinya. Lusweti alimnunulia Selpher kiti kipya cha plastiki chenye mikono, akakiweka karibu na mlango. Selpher hakukikalia. Alikuwa akimpa mumewe chakula, akimjibu akiulizwa, basi.

Kisha Koki, mjukuu wa Kavinya, akagongwa.

Alikuwa anavuka baada ya shule, mahali ambapo watoto wote walikuwa wamezoea kuvuka, kwa sababu hapo ndipo magari yalipokuwa yakipunguza mwendo. Watoto walikuwa hawajaambiwa kwamba mambo yamebadilika. Nani angewaambia? Nduthi ilikuja kasi, ikambeba mguu. Alivunjika juu ya goti. Lusweti ndiye aliyemwokota. Mtoto hakuwa hata akilia, alikuwa anashangaa, akiuliza kiatu chake kiko wapi.

Kavinya alirudi kutoka hospitali kesho yake asubuhi, akawasha jiko kama kawaida. Akamimina chai, akampelekea Lusweti kikombe.

"Ongea, Kavinya," alisema Lusweti.

"Niongee nini?"

"Nitukane."

"Nitakutukanaje na mimi ndiye niliyewapikia chai?" Akarudi kibandani kwake, na siku ile hakumtania mtu yeyote.

Mchana huo Lusweti alikwenda kwa Nzivo. Alimwambia tuta lirudi, tena kesho, simiti atatafuta mwenyewe.

"Subiri ramani itoke kwanza, Mzee Lusweti," alisema Nzivo. "Tukijenga leo na wiki ijayo watupe njia, tutabomoa tena? Tutaonekana wajinga."

"Ujinga tumeshaufanya."

"Basi tusiuongeze."

Kwa hiyo Lusweti akaanza kusimama. Watoto walipokuwa wanakwenda shule, walipokuwa wanatoka mchana, na wale wakubwa walipokuwa wanatoka jioni, alikuwa akiacha koleo na gurudumu juu ya benchi, anaingia katikati ya barabara na kunyoosha mikono. Madereva walimtukana. Mmoja alimuuliza kama amechoka kuishi. Lusweti aliwatazama tu mpaka mtoto wa mwisho avuke.

Ramani ikatoka siku ya Jumatano. Mwangangi alisomewa na vijana kutoka kwenye simu, akawaamuru wasome tena, pengine wameruka mstari. Hawakuruka. Kipande cha mwisho kingetoka Naivasha, kingepanda hadi Limuru, kingeshuka Waiyaki Way na kumalizikia katikati ya mji. Upande wa Eastlands, Dandora ikiwemo, haukutajwa hata mara moja. Machakos pia haikutajwa. Kama kuna mtu alitaka kumcheka Mwangangi, hakuthubutu, kwa jinsi uso wake ulivyokuwa.

Siku iliyofuata ile pikapu nyeupe ilirudi, nyuma yake lori lenye mabomba. Wanaume wale wenye fulana za kung'aa wakaanza kuchimba mtaro mahali walipokuwa wameweka alama. Walikuwa watu wa maji. Kavinya alikwenda kuwauliza kwa nini mwenzao alitikisa kichwa siku ile kwenye tuta. Yule mtu hakukumbuka vizuri. Alifikiri kidogo, akasema labda ni kwa sababu tuta lilikuwa gumu na bomba lilitakiwa kupita chini yake. "Lakini naona mmeshatusaidia," alisema. "Asanteni sana."

Lusweti alirudi kwa Nzivo. Sasa Nzivo alisema ofisi ya barabara imetoa onyo kwamba hakuna mtu wa kuinua tuta bila kibali, na hata hivyo mtaro wa bomba lazima ufunikwe kwanza. Ombi limepelekwa. Wenye matatu nao hawakuwa na haraka.

Ijumaa ya juma lililofuata, siku ya kipande cha mwisho, Mwangangi alifika asubuhi na gari la mpwa wake, Probox, mpwa mwenyewe akiwa kwenye usukani. Mwangangi alikuwa ameondoa kiti cha abiria cha mbele na kutandika godoro kutoka nyuma hadi kwenye dashibodi, ili Selpher anyooshe miguu. Alikuwa amevaa koti. Hakutazama watu machoni.

"Nawapeleka Waiyaki Way," alisema. "Tutawahi. Nimeshajua pa kuegesha."

Lusweti alilitazama lile godoro. Kumbe ilikuwa inawezekana. Gari moja, godoro moja, rafiki mmoja. Ilikuwa inawezekana tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyeifikiria, kwa kuwa wote walikuwa wakingoja dunia iwafuate langoni.

Walimbeba Selpher wakamlaza. Uchungu ulimtoa jasho lakini hakuguna. Alipotulia, alimtazama mumewe.

"Panda," alisema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia bila kuulizwa tangu ile siku ya sururu.

"Watapita saa ngapi?"

"Karibu na adhuhuri, wanasema," alijibu Mwangangi.

Lusweti akatazama upande wa shule. Adhuhuri ndio wakati wadogo wanatoka.

"Nendeni," alisema.

"Mzee, nitamwomba mtu asimame," alisema Kavinya. "Nitasimama mimi."

"Wewe una mtoto hospitali. Nenda kwake." Akafunga mlango wa gari. Selpher alitoa mkono dirishani, akamshika kifundo cha mkono, akakaza. Kisha akauachilia, na gari likaondoka likipita taratibu, taratibu kupita kiasi, mahali palipokuwa na tuta.

Watoto walitoka na kelele zao. Lusweti aliingia barabarani akanyoosha mikono. Lori la taka lilikuwa linakuja, likamwona, likapiga honi ndefu, likasimama likipumua karibu na kifua chake. Simu ikaanza kulia mfukoni mwake. Aliisikia. Ililia mpaka ikakatika, ikaanza tena, na yeye amenyoosha mikono, watoto wakipita chini yake kama wanaopita mlangoni. Wa mwisho alikuwa msichana aliyesimama katikati kufunga kamba ya kiatu. Dereva akatukana. Lusweti alimngojea amalize.

Alipofika kando alipiga simu.

"Mama Nekesa."

Alisikia vuvuzela, makelele ya umati, na pumzi za mkewe.

"Wamepita?"

"Wamepita."

"Umemwona?"

"Wamepita kama upepo, Baba Nekesa. Wote wana kofia. Wote wana miwani. Wameinama, wanafanana kama ndugu. Mwangangi anasema alikuwa yule wa rangi ya samawati, halafu anasema kulikuwa na wengi wa samawati. Niliita jina lake. Nimeita kwa nguvu zangu zote." Sauti yake ikakatika. "Nilimzaa mimi, na sikumjua."

Lusweti alisimama na simu sikioni. Alitaka kumwambia kwamba lazima alimwona, kwamba mmoja wa wale alikuwa wake hata kama hakujua ni yupi. Lakini hakuwa mtu wa maneno, na alijua Selpher angesikia uongo.

"Miguu inauma?" aliuliza.

"Inauma."

"Mwambie dereva asikimbize gari."

Kengele ya shule ililia tena. Darasa lingine lilikuwa linatoka, wengine wakikimbia tayari, na kutoka upande wa jaa lilikuwa linakuja lori tupu, jepesi, likirukaruka. Lusweti alirudisha simu mfukoni bila kuikata, akaingia barabarani.